Kijiji Chenu cha Hadithini Hakina King'amuzi

Miezi michache iliyopita niliitwa kusema maneno mawili matatu mbele ya watu wanaopenda vitabu. Ulipofika wakati wa maswali, binti mmoja akauliza lile swali linaloulizwa kila watu wa vitabu wanapokutana: kwa nini Watanzania hawasomi? Kabla sijafungua mdomo, bwana mmoja, mwandishi mwenye heshima zake, akadakia. "Mpira! Watu wote wamehamia Simba na Yanga. Televisheni ikishakaa sebuleni, kitabu kitapitia wapi?" Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Na mimi nikacheka.

Kicheko kile kimenikaa kooni mpaka leo. Nilicheka kama mtu anayemkana ndugu yake mbele ya wakwe. Maana mimi ni mtu wa mkekani. Sijawahi kukosa mechi kubwa nyumbani tunakopanga, Sapiwi, na nikisema ukweli wangu, Kiswahili kizuri kuliko vyote nilichosikia mwaka ule sikukipata kitabuni wala ukumbini mle. Nilikipata mbele ya runinga ya nchi 32, nimekalia ndoo iliyogeuzwa.

Basi leo naja kusema nilichopaswa kusema siku ile. Mpira haujawala wasomaji wetu. Sisi waandishi ndio tulioondoka kwenye chumba walichoketi watu, tukafunga mlango nyuma yetu, kisha tukaanza kulalamika kwamba hakuna anayetusikiliza.

Niwaonyeshe hicho chumba kwanza, maana nina hakika wengi wa wanaokisema vibaya hawajawahi kukiangalia sawasawa.

Sapiwi ni kata ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Ni nchi ya pamba, ya ng'ombe na ya Wasukuma. Nyumba yetu ina wapangaji wanne. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Yupo Nesi, mzaliwa wa Maswa, mwenye runinga na king'amuzi, kwa hiyo ndiye serikali. Yupo Fundi, mwashi, Simba wa kufa na kuzikana. Na yupo Karani, anayeandika kilo mizani inapofunguliwa msimu wa pamba, Yanga ambaye hata taulo lake ni la kijani. Chumba cha mwisho anakaa bibi, mama yake mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita mayu. Kiswahili anakisikia kidogo, cha sokoni na cha zahanati. Kinachobaki ni Kisukuma.

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 ilikuwa fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco. Mechi ya kwanza, tarehe 17, Simba walikuwa wamelala kwao Berkane mabao 2 kwa 0. Marudiano yakahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kifurushi chetu kilikuwa kimeisha Ijumaa. Tukachanga elfu sita sita, Karani akiwemo. Nikamuuliza, wewe Yanga unachangia nini? Akajibu: "Mwalimu, kwani msibani haendi mtu wa ukoo mwingine?"

Hilo ni jibu. Nimesoma mikusanyiko mizima ya hadithi fupi isiyo na jibu kama hilo.

Tukaketi. Sofa lilikaliwa na Nesi na mayu, sisi wengine mkekani na kwenye ndoo. Katikati sufuria la michembe na bakuli la karanga. Mpira ukaanza, na hapo hapo ndani ya chumba zikaanza simulizi tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mtangazaji wa runinga. Ya pili ni ya Fundi na Karani, kila mmoja akitangaza mechi yake, maana walikuwa hawatazami mechi moja. Ya tatu ni ya Nesi, aliyeinamisha kichwa sikioni kwa mayu na kumgeuzia kila kitu kwa Kisukuma.

Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga. Fundi alitoka mlangoni, akazunguka nyumba, akarudi. Nesi alikuwa bado anamsimulia mayu, na kwa vile naishi nao nasikia kidogo, nilipata maneno yake: huyu kijana wa Zambia amewapita kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, na mwenye zizi, yaani kipa, amebaki kashika kamba. Mtangazaji hakusema ndama wala zizi. Nesi alivitoa kwao Maswa. Mayu akapiga vigelegele vya kweli kabisa, kwa ajili ya ndama.

Kipindi cha pili mambo yakaharibika. Yusuph Kagoma akaonyeshwa kadi nyekundu, Simba wakabaki kumi. Hata hivyo wakasukuma. Steven Mukwala akatia mpira wavuni. Fundi akaanza tena safari ya kuzunguka nyumba. Aliporudi, refa alikuwa kwenye kioo cha VAR, na bao likakataliwa. Ameotea.

Mayu akataka kujua kwa nini goli limefutwa na mpira ameuona kwa macho yake umo ndani. Nesi akakwama. Fundi, kwa uchungu, akasema: "Alivizia, mayu. Alitangulia akavizia." Bibi akamtazama kama anayemtazama mtoto mjinga. "Kwani mwindaji asipovizia," akasema, "atakula nini?"

Jamani. Nimefundisha Kiswahili darasani miaka mingi, na neno kuotea nimelitamka mara elfu bila kusikia kilichomo ndani yake. Kuotea ni kuvizia. Ni neno la porini. Ni mwindaji aliyejibanza kichakani akingoja mnyama ajilete. Waliolipa neno hilo kazi ya uwanjani walikuwa na sikio la ushairi, na hakuna aliyewapa tuzo. Mayu, asiyejua sheria hata moja ya mpira, alilifungua neno lile kwa swali moja, palepale, akiwa na mchembe mkononi.

Tulipokuwa tunahesabu dakika za nyongeza, jirani mwenye redio akapiga yowe. Wanaotazama kwa king'amuzi wanalijua hili: redio hutangulia, picha huja nyuma. Kwa hiyo kuna sekunde kadhaa ambazo unajua jambo limetokea lakini hujui ni lipi, na kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja kana kwamba dunia ni nzima. Jirani yule ni Yanga. Fundi alimjua kwa sauti. Aliinama kabla hatujaona chochote. Kisha picha nayo ikafika: Soumaila Sidibe, 1 kwa 1, kombe limekwenda Morocco. Karani aliruka mpaka akamwaga karanga.

Mayu akauliza hao waliopewa kikombe wametoka wapi. Moroko, mayu. Mbali? Mbali sana. "Basi wapeni. Mgeni harudi mikono mitupu." Fundi, aliyekuwa kanuna kama mawingu ya masika, akacheka bila kupenda.

Sasa nawauliza ndugu zangu wa fasihi: hiki chumba kiko wapi kwenye vitabu vyetu?

Nasoma hadithi fupi nyingi, za vijana na za wakubwa. Baadhi huletwa kwangu nizipitie kabla hazijachapishwa. Nikikutana na kijiji humo, nakijua kabla sijakifikia. Kuna mtungi. Kuna kisima, na msichana anayekwenda kisimani. Kuna mzee chini ya mbuyu anayesema methali tatu kwa mkupuo. Kuna jogoo anayewika kila sura inapoanza. Kijiji hicho hakina king'amuzi. Hakina vocha, hakina jezi, hakina kijana aliyechora nembo ya Arsenal kwenye tairi la nyuma la bodaboda. Hakina Jumapili ambayo watu wazima wanne wenye kazi zao hawawezi kula kwa sababu mtu mmoja Zanzibar amepewa kadi. Nikiuliza mwandishi kwa nini, ananiambia anaandika "Uafrika halisi". Halisi ya nani? Mimi naishi kijijini. Mzee wa chini ya mti yupo, namheshimu, na kila Jumatatu asubuhi yeye ndiye anayeniuliza matokeo.

Mtu atasema mpira ni jambo dogo, fasihi ina mambo makubwa ya kushughulikia. Hoja hiyo haikuanza leo, na waliotutangulia walishaikanyaga.

Aniceti Kitereza alikaa Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka kwetu huku, akaandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikabidi angoje mpaka 1980 ndipo itoke kitabu kwa Kiswahili. Humo ameweka kila kitu: pombe inavyopikwa, mkwe anavyopokelewa, watu wanavyoketi, wanavyotaniana, wanavyougua. Hakusema kupika pombe ni jambo dogo. Alijua watu wanaishi ndani ya mambo hayo madogo. Niambieni kwa dhati: Kitereza angekuwa hai leo, angelala kwenye nyumba kama yetu, usiku wa fainali, kisha aandike sura nzima asiitaje runinga?

Shaaban Robert naye. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958. Siti alikuwa nani kwa wakubwa wa siku zake? Mwimbaji, mwanamke wa shamba aliyekwenda mjini Zanzibar na sauti yake, akarekodi santuri Bombay mwaka 1928, watu wakacheza wakasahau shida zao. Ilikuwa burudani tupu. Shaaban Robert aliona kwamba aliyeshika masikio ya watu wengi kiasi hicho ameshika lugha yao pia, akampa kitabu.

Nani amempa kitabu Ahmed Jongo? Nani ameandika sura moja iliyotulia juu ya Charles Hilary, aliyefariki Mei ile ile ya 2025, siku chache tu kabla ya fainali hii ninayoisimulia? Kwa wenzetu wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela alitutoka Februari ya mwaka huohuo. Watu hawa walipewa redio, yaani walipewa giza, wakaambiwa wajaze uwanja ndani yake. Msikilizaji alikuwa kitandani, au dukani, au anachunga ng'ombe, na ilibidi aone winga anakimbia upande wa kulia, beki anarudi nyuma, jukwaa linasimama. Kila sentensi ilitakiwa itoke imekamilika, bila kufuta, bila rasimu ya pili. Kama hiyo si kazi ya msimulizi, basi mimi sijui msimulizi ni nani, na wanafunzi wangu nimewadanganya nilipowafundisha fasihi simulizi.

Tena tazameni lugha waliyotuachia wao na warithi wao wa leo. Mpira unaopitishwa juu ya kichwa cha mtu ni kanzu: umemvisha. Unaopita katikati ya miguu ni tobo: umemtoboa. Mfungaji hufumania nyavu, neno ambalo nje ya uwanja lina mke, mume na mlango uliovunjwa usiku. Mabao matano ni mkono, kwa sababu vidole ni vitano. Na maneno haya hayakai uwanjani tu. Mwaka 2015 "goli la mkono" liliondoka kwenye mpira likaingia kwenye kampeni za uchaguzi mkuu, na nchi nzima ikaelewa linasema nini bila kamusi. Sisi tunakaa semina za siku mbili kutafuta istilahi, na watu wa mkekani wanatengeneza istilahi kabla ya mapumziko.

Kuna ushahidi mwingine, na huu naomba usikilizwe vizuri. Kila Fundi na Karani wanapogombana, Karani humpiga na tano: Novemba 5, 2023, Yanga 5 Simba 1. Fundi hujibu kwa sita: mwaka 1977, Simba 6 Yanga 0, Kibadeni katupia tatu. Fundi ana miaka 31. Mwaka 1977 hakuwa amezaliwa, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja ya kurushia mechi ile. Televisheni imeanza huku Bara mwaka 1994. Lakini Fundi anakusimulia bao la kwanza mpaka la sita, nani alimpa nani, kipa alianguka upande gani. Kaipata wapi? Kwa baba yake, aliyeipata redioni na kwa wenzake. Wazee wa Kanda ya Ziwa nao wana yao, ile ya Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974, Yanga 2 Simba 1, na kila anayeisimulia alikuwepo uwanjani, hata kama kwa idadi yao uwanja ule ungepasuka.

Karibu nusu karne, habari inapita mdomo kwa mdomo, inaongezwa chumvi, inalindwa, inafundishwa watoto. Tukikuta jambo hilo kwenye koo za watawala wa kale tunaliita utendi na kulitafutia fedha za utafiti. Tukilikuta kwa mwashi mwenye jezi iliyopauka tunaliita upuuzi.

Na hapa Usukumani mtu hana hata kisingizio cha kusema jambo hili ni geni. Kabla ya Simba na Yanga palikuwa na Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, kimoja cha Ngika na kingine cha Gumha, watani wa jadi wa kweli. Mavuno yakishaingia, vyama hukutana uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja na ngoma yake, dawa zake na nyimbo za kumsema mpinzani mpaka ajute. Refa hakuna. Anayeshinda ni yule ambaye watu wengi zaidi wamevutwa kwake, wameacha upande wa pili mtupu. Nenda Bujora mwezi Juni, wakati wa Bulabo, ujionee. Halafu rudi nyumbani kwetu usikie Karani akimwambia Fundi kwamba bao la Mukwala limefutwa na wazee wa Gamboshi. Gamboshi ipo wilaya hii hii, na nchi nzima inaijua kwa sifa za uchawi ambazo sisi wenyeji tunazitumia zaidi kwa utani kuliko kwa kitu kingine. Mpira haukuja kuua ngoma. Ulikuja ukakuta uwanja umeshafagiliwa.

Ndiyo maana nawakatalia pia wale wa upande mwingine, wanaoupenda mpira lakini wanataka kuutia adabu. Kila timu yetu moja inapofika mbali wanatuhubiria uzalendo: eti Yanga wote waishangilie Simba, na mwaka 2023, Yanga ilipofika fainali na USM Alger, eti Simba wote wawe Yanga. Hapana, bwana. Karani alichanga elfu sita yake kuja kuomba Simba afungwe, na alikuwa na haki. Nitawaambia kwa nini, na hapa Fundi amenipa ruhusa niseme mradi nisitaje jina lake.

Fundi alikuwa ameweka mkeka. Aliweka Simba ishinde, na pesa aliyoweka, elfu hamsini, haikuwa yake. Ilikuwa ya saruji ya mteja. Yale mazunguko ya nyumba hayakuwa ya furaha peke yake. Usiku ule hakulala. Asubuhi, mtu aliyemwendea mlangoni alikuwa Karani, yule yule aliyemwaga karanga. Alimkopesha elfu hamsini, taslimu, kwa sharti moja tu: Fundi avae jezi ya kijani siku ya mnada, mchana kutwa, na akiulizwa ajibu kwamba ameokoka. Fundi aliivaa. Sapiwi nzima ilicheka, na yeye mwenyewe akacheka, na hakuna aliyejua kwamba aibu ile ndogo ilikuwa imefunika aibu kubwa.

Hivyo ndivyo utani unavyofanya kazi. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kukuzika na ndiye anayejua ulipolala. Ukiwalazimisha watu wote washangilie upande mmoja, utakuwa umewanyima wao kwa wao huyo mtu.

Lakini nisije nikaonekana nauza mpira kama sabuni. Wanaoulaumu wana hoja, na hoja zao nzito hawazisemi, wanabaki na ile nyepesi ya vitabu.

Kubeti kunawamaliza watu. Nimemsimulia Fundi mmoja aliyepata Karani. Wapo wengi wasio na Karani. Matangazo ya mikeka yanakwenda mbio kuliko ya chanjo, na lugha nayo inaliwa: kijana wa kidato cha tatu hasemi tena timu hii inacheza vizuri, anasema inalipa kiasi gani. Hilo ni jambo la kuandikwa kwa hasira. Ila huwezi kuliandika ukiwa nje ya chumba. Ukiwa ukumbini utaandika risala. Ukiwa mkekani utaona mtu anazunguka nyumba, na utajiuliza anazunguka nini.

Kuna suala la wanawake pia. Kwetu nilikokulia, baba alikuwa na redio na wageni, mama alikuwa na jiko. Alijua matokeo ya mechi zote za miaka ya 80 na hakuwahi kukaa akasikiliza kipindi kimoja kikaisha. Aliyasikia akiingia na kutoka na chai. Nyumba yetu ya Sapiwi ni tofauti kwa sababu moja tu, king'amuzi ni cha Nesi, na alishaweka sheria: anayetazama huosha vyombo, kwa zamu, akiwemo Mwalimu. Nyumba ngapi zina sheria hiyo? Na aliyeko jikoni nyumba nyingine, anaisikiaje mechi kupitia ukutani? Hiyo ni riwaya. Mimi sitaiandika vizuri. Aliyeingia na kutoka na chai ndiye mwenye riwaya hiyo, na tumemkatisha tamaa kwa kumwambia mambo ya mpira si ya fasihi.

Na hili la Watanzania kutosoma, naomba tuliweke chini. Fundi hajawahi kumaliza riwaya. Lakini gazeti la Mwanaspoti likifika kutoka Bariadi mjini, hata likiwa la juzi, analisoma mpaka tangazo la mwisho, kisha anampa Karani, Karani anampa jirani yule wa redio. Wanabishana juu ya sentensi. Wanasema mwandishi huyu ana upande, huyu hajui kumaliza, huyu jana aliandika kinyume. Ndugu zangu, huo ni uhakiki. Watu hao wanasoma, wana kumbukumbu, wana masikio, wanajua ukweli ulipopinda. Wasichokuwa nacho ni kitabu ambamo wakikifungua watajikuta wamo, jinsi walivyo, Jumapili jioni.

Nilijaribu. Wiki moja baada ya fainali niliandika kurasa nne za usiku ule, nikawasomea wenye nyumba badala ya kuzipeleka kwa watu wa vitabu. Sijawahi kupata wahariri wakali namna ile. Karani alikataa kwamba aliruka. Nesi alisema nimemwekea maneno marefu mdomoni. Fundi alinyamaza mpaka mwisho, akaniambia sehemu ya redio irudie, hukuisema ilivyouma. Nikairudia mara tatu. Mayu, alipogeuziwa, aliuliza kwa nini sikuandika kwamba michembe ilikuwa yake. Basi iandikwe hapa: michembe ilikuwa ya mayu.

Kwa hiyo bwana yule wa ukumbini, kama unasoma, nakuomba radhi kwa kicheko changu, maana kilikudanganya kwamba nakubali. Sikubali. Kitabu kitapitia wapi televisheni ikishakaa sebuleni? Kitapitia mlango huohuo waliopitia watu. Kivue viatu, kisalimie, kitafute ndoo kikae.

Ligi ina mechi karibu kila wiki. Sapiwi si mbali na Bariadi mjini. Kifurushi ni elfu sita kila kichwa, michembe ipo, na anayekuja na daftari aoshe vyombo kama wengine.